Siku Nne za Kukaimu

Ofisini kwetu tuliliogopa neno "Tuzungumze" kuliko tulivyoogopa "Sikubali". Mkuu wetu wa utumishi akiandika "Sikubali" pembeni ya dokezo, mwananchi alijibiwa, akanuna, akakata rufaa, maisha yakaendelea. Akiandika "Tuzungumze", jalada lilirudi kwenye meza ya afisa aliyelipeleka, na hapo ndipo lilipofia.

Nieleze kidogo kwa asiyewahi kufanya kazi halmashauri. Jambo likija, afisa mdogo kama mimi analiandikia dokezo: karatasi moja, tatizo ni hili, ushauri wangu ni huu. Jalada linakwenda kwa mkuu, naye anaandika neno lake, linarudi, barua inatoka. Neno likiwa "Tuzungumze", inabidi watu wawili wakutane waongee. Sasa nani amfuate nani? Kwetu hakuna aliyeingia kwa mkuu bila kuitwa. Huo ulikuwa utaratibu wetu na hakuna aliyewahi kuuandika popote. Hata nyumbani nilikokulia, mtoto hamwanzii mkubwa mazungumzo. Anasalimia, anakaa, anasubiri aulizwe. Basi na sisi tulikaa na majalada yetu, tukasubiri kuitwa. Wiki inapita, mwezi unapita, jalada linatoka juu ya meza linaingia kwenye droo.

Sitaitaja halmashauri yenyewe. Ni moja ya hizi za mkoa wetu wa Singida, na wanaonijua watajua. Mimi ni mzaliwa wa Issuna. Mama yangu aliuza vitunguu na mtama kwenye soko dogo la pale, na mteja aliyejaribu kupita kimya mbele ya meza yake aliitwa kwa sauti mpaka akageuka. Watu husema nimerithi mdomo wake. Ni kweli, nimerithi, na wenzangu ofisini wana mifano mingi. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nikiwa na mdomo wote huo, niliufunga miaka mitatu mbele ya mlango mmoja wa mbao.

Aliyenifungua mdomo ni mtendaji wa kijiji kimoja kilicho mbali na lami. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mwenye viatu vya raba vilivyojaa vumbi jekundu. Mara ya kwanza alikuja alizeti zikiwa zinachanua. Alinisalimia kwa Kinyaturu, nikafurahi, nikamvutia kiti. Wananchi wake walikuwa wamejenga zahanati. Walibeba mawe na maji kwa vichwa vyao, halmashauri ikaezeka, vitanda vikaletwa, na bado vilikuwa vimevaa nailoni zake. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Kilichokosekana ni muuguzi, na muuguzi alikuwepo: Mganga Mkuu alishampendekeza mmoja kutoka kituo cha afya, tena mwenyewe alikuwa anataka kwenda kwa sababu kwao ni kijiji jirani. Ilibaki barua moja tu ya uhamisho, ya kutoka ofisini kwetu.

"Dokezo nimeshaliandika," nilimwambia. "Liko kwa mkuu."

Siku ile ilikuwa kweli. Kesho yake jalada likarudi. Pembeni, kwa mwandiko ule mzuri wa watu waliosoma zamani: "Tuzungumze."

Mara ya pili alikuja alizeti zikivunwa, na nikaona kwamba ni mjamzito. Nikamwambia liko kwa mkuu. Mara ya tatu mashine za kukamua mafuta zilikuwa zinanguruma mji mzima, na tumbo lilikuwa limetangulia mbele. Alikataa kiti. Aliegemea meza yangu kwa mikono miwili na kunitazama.

"Dada, mimi sitaki kukusumbua. Nina miezi saba na nusu. Wa kwanza nilimpoteza njiani, juu ya bodaboda, kabla hatujafika hata lami. Ndiyo maana niliwasimamia watu wabebe mawe. Sasa wananiuliza, mtendaji, na wewe mwenyewe utazalia wapi? Niwajibuje?"

"Liko kwa mkuu," nikasema.

Droo ya meza yangu ni ya chini, inagusa goti. Jalada lake lilikuwa mle, limegusana na goti langu huku nasema maneno yale. Aliniamini. Alinishukuru, akajiinua taratibu kutoka mezani, akaenda kutafuta gari la kurudi. Mimi nilibaki pale najichukia, na chai ya saa nne iliponifikia sikuinywa.

Wiki iliyofuata mkuu aliitwa Dodoma kwenye kikao cha siku nne, Jumanne mpaka Ijumaa. Afisa mwandamizi wa kwanza alikuwa likizo. Wa pili alikwenda naye Dodoma. Karata ikaniangukia mimi: nikapewa barua ya kukaimu idara, yenye jina langu kwa herufi kubwa. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye korido.

Mtu wa kwanza kunipongeza alikuwa mzee wa masijala, ile ofisi inayotunza majalada yote. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na hakuna jambo la halmashauri asilolijua. Nilimwamkia shikamoo kama kila asubuhi, akaitikia, akanikabidhi ufunguo wa ofisi ya mkuu huku akiushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Binti yangu, sikiliza. Kaimu hasaini. Kaimu analinda kiti. Ruhusa ya msiba, sawa. Mgonjwa, sawa. Mengine unamwambia mtu asubiri mwenyewe arudi. Nimeona makaimu wengi hapa. Waliolinda kiti bado wako kazini."

Nikamwambia nimekusikia, mzee. Na kweli nilikuwa nimekusudia kulinda kiti. Kwanza nilitaka tu nilione lile rundo la majalada. Kwa miaka mitatu nilikuwa na picha kichwani ya ofisi ile: majalada mpaka dirishani, majalada sakafuni, na mkuu wa watu katikati yake akizama. Ndivyo tulivyowaelezea wananchi, na tulivyoelezana wenyewe. Nikafungua mlango.

Meza ilikuwa nyeupe. Nasema nyeupe, haina kitu. Kulikuwa na kalenda, glasi ya kalamu, na kitambaa cha kufutia vumbi kilichokunjwa vizuri. Trei ya majalada yanayoingia ilikuwa tupu, na ya yanayotoka tupu pia. Nikafungua kabati nikifikiri ndiko anakoyaficha, nikakuta koti la mvua.

"Mzee," nikaita, "majalada yako wapi?"

"Majalada gani? Huyu bwana halazi jalada. Likiingia asubuhi, jioni limetoka. Miaka yote mimi ndiye ninayeyarudisha kwenu."

Nilikaa kwenye kiti bila hata kukumbuka kwamba ni kiti cha mkuu. Kumbe yote yalikuwa kwetu. Lile rundo nililokuwa namlaumu nalo lilikuwa limegawanyika kwenye droo zetu, kila mmoja na fungu lake, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyesahauliwa. Nilisikia aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Halafu aibu ikageuka hasira, na hasira kwangu mimi ni kitu cha manufaa.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la idara: kila mwenye jalada lililoandikwa "Tuzungumze" alilete ofisini kwa mkuu kabla ya saa sita. Wakaona alama kwamba wenzao wamesoma. Kisha mmoja akaja, akafuata mwingine, wakiingia kwa upole kama watu wanaorudisha sufuria waliyoazima tangu msiba wa mwaka juzi. Mpaka mchana meza nyeupe ilikuwa imejaa. Kulikuwa na mwalimu anayeomba kumfuata mumewe Iramba, na mlinzi ambaye jina lake lilikosewa kwenye orodha. Kulikuwa na mtendaji mwenzake na yule wangu, anayeomba tu kuthibitishwa kazini. La mtendaji wangu nililiweka juu kabisa.

Jumatano asubuhi nilifanya jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya: nilitembea kwa miguu mpaka kwa Mganga Mkuu, nikabisha hodi. Hata sikuwa nimeitwa. Alikuwa anakula karanga.

"Muuguzi wa ile zahanati," nikasema. "Kuna nini cha kuzungumza?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza jina la mama yake. "Hakuna. Mkuu wako labda alitaka kujua nani atamrithi pale kituoni. Yupo, nilishamwandaa zamani. Nilikuwa nasubiri barua yenu. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Mazungumzo yote yaliisha kabla karanga hazijaisha. Nilirudi ofisini nikipiga hatua ndefu, upepo wetu wa Singida unanivuta kitenge, na nilikuwa natamani kucheka na kupiga mtu kwa wakati mmoja.

Barua niliichapa mwenyewe. Alhamisi ilikuwa siku ya mnada, watu wa vijijini huja mjini, na nilijua mtendaji wangu angekuja. Nilimpigia mkuu simu mara mbili, ikaita bila kupokelewa. Nikatuma ujumbe mfupi kumweleza, haukujibiwa. Wakiwa kwenye vikao vile hukusanywa simu au huzizima, sijui. Mzee wa masijala alikuja na muhuri mkononi lakini hakuuweka mezani.

"Binti, akirudi akasema umemnyang'anya kazi? Utaandikiwa barua ya kujieleza. Inakaa kwenye jalada lako mpaka unazeeka."

"Mzee, yule mama akijifungulia njiani mara ya pili, nani ataandika barua ya kujieleza?"

Aliutazama muhuri, akaupulizia pumzi kama wanavyofanya watu wa zamani, akauweka mbele yangu. Nikasaini. Kny, yaani kwa niaba ya Mkurugenzi Mtendaji, na chini yake sahihi yangu, ambayo siku ile ilitoka imepinda. Mzee akagonga muhuri yeye mwenyewe. Aliugonga kwa nguvu mpaka glasi ya kalamu ikaruka.

Mtendaji alifika kama saa tano. Nilimwona kupitia dirisha akipanda zile ngazi zetu, anapumzika kila baada ya ngazi mbili. Safari hii nilitoka nikamfuata mimi. Nikampa nakala ya barua pale pale kwenye korido, na nikamwambia muuguzi ameshapigiwa simu, na kwamba alinijibu begi lake limefungwa tangu mwezi uliopita, ataripoti Jumatatu.

Aliisoma yote, mpaka chini kwenye orodha ya nakala. Kisha akakaa kwenye benchi la wananchi.

"Dada, hii ni ya kweli?"

"Ina muhuri," nikamwambia.

Kisha nikakaa naye pale, nikamwambia lile la droo. Ilibidi. Nilimwambia halikuwa kwa mkuu, lilikuwa kwangu, muda wote ule. Akaikunja barua, akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu. Akasema, "Basi umelitoa," na akaniomba nimsindikize mpaka stendi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Sijui kama alinisamehe pale au baadaye. Nilimbebea mkoba.

Ushujaa ulinitoka Ijumaa jioni nilipofika nyumbani Utemini. Nilipika mlenda nikasahau chumvi. Nikafikiria barua ya kujieleza itakavyoandikwa, na maneno yake, na nani atainong'ona kwanza. Mwishowe nikaona kama itakuja, basi jibu lake liwe tayari. Nikakaa mezani nikaandika kujieleza kabla sijaulizwa: kurasa mbili, na aya ya tatu ilikuwa kali kidogo. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu mkuu alikuwa ofisini kabla yangu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikakaa kwenye meza yangu na bahasha yangu ya kujieleza mapajani, na kwa mazoea nikaanza kusubiri niitwe. Dakika kumi zikapita. Ndipo nikashtuka: nilikuwa narudia lile lile. Nikainuka, nikaenda, nikagonga. Ofisi nzima ilinigeukia, hata mtu wa kutoa fotokopi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Karibu, kaimu."

Hakutabasamu aliposema "kaimu". Mbele yake kulikuwa na mlima wa majalada niliouacha, na mkononi alikuwa na nakala ya barua yangu. Aliisoma tena mbele yangu, polepole, kama mwalimu anayesahihisha.

"Nani alikwambia usaini?"

"Hakuna, mkuu. Nilikupigia hukupokea. Nimeshaandika na maelezo." Nikasukuma bahasha mezani.

Aliifungua, akasoma aya ya kwanza, akaruka mpaka ya tatu, ile kali. Niliona nyusi zinapanda. Akaiweka chini.

"Hapa umeandika kwamba majalada yalikuwa yanasubiri niwaite."

"Ndiyo, mkuu."

"Niwaite?" Akaegemea nyuma. "Mimi naandika 'Tuzungumze' ili mje. Kila siku nakaa hapa nawasubiri. Nikajua mmeshamalizana wenyewe huko nje, mmeona hamnihitaji. Nikasema sawa, vijana wa siku hizi."

Tulitazamana. Akaanza kunieleza, akitazama zaidi dirishani kuliko kwangu, kwamba alipoanza kazi akiwa kijana, mkuu wake alikuwa anawaita kwa kengele. Kengele ikilia, moyo unalia. Alikuwa akiwafokea mbele za wageni, na wengine walitoka mle wakilia. Siku alipopewa ofisi yake mwenyewe aliapa kwamba hatamwita mtu mzima kama mtoto wa shule. Atakayetaka kuongea ataingia mwenyewe kwa heshima yake. Kengele aliyoikuta mezani aliitupa.

"Sikuwahi kuwaambia," akasema. "Nilidhani mlango unajieleza."

"Unafungwa, mkuu," nikasema. "Kwa sababu ya vumbi, najua. Lakini unafungwa."

Akaivuta tena ile barua ya uhamisho. Akachukua kalamu.

"Barua yako ina kosa moja. Hukumpa nakala Mtendaji wa Kata." Akaandika kwa mkono, chini kabisa, kwa mwandiko wake ule mzuri, akatia sahihi fupi pembeni. "Ipelekeni leo. Na hii," akanirudishia kurasa zangu mbili za kujieleza, "kaa nayo. Aya ya tatu imenichoma."

Nilitoka pale nikiwa kama sigusi sakafu. Mzee wa masijala alikuwa amesimama nje ya mlango na kitabu cha kupokelea barua, amekishika juu chini.

Kuanzia wiki ile, kila Jumatano asubuhi mkuu alitoka na kikombe chake cha chai akaja kukaa chumbani kwetu, kwenye benchi la wananchi, na kila mtu akatoa yaliyo kwenye droo. Jumatano ya kwanza ilikuwa na ukimya wa kutisha. Ya pili mtu mmoja alimbishia, na dunia haikuanguka. Baadaye tukawa tunabishana mpaka chai inapoa. Mwalimu alimfuata mumewe Iramba. Mlinzi akapata jina lake. Mlango wa mbao uliwekewa jiwe la kuuzuia usijifunge, jiwe la kwetu la Singida, zito, ambalo mzee wa masijala alilibeba mwenyewe akikataa kusaidiwa. Vumbi likaingia, tukapangusa.

Ujumbe ulifika siku moja saa tatu asubuhi, nikiwa katikati ya kuandika dokezo. "Dada nimejifungua salama. Wa kike. Hapa hapa kijijini, ndani ya kuta za mawe yetu. Ndiye wa kwanza kwenye daftari la zahanati."

Sikufikiri. Nilisimama katikati ya ofisi ya serikali nikapiga vigelegele, vile vya harusini, vya mama yangu, mpaka watu wa idara ya ardhi wakatoka kwenye vyumba vyao. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Hii ni ofisi ya serikali!" mzee wa masijala akafoka, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kupiga makofi.

Mkuu akatokea mlangoni, miwani mkononi. "Kuna nini?"

Nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma. Akasoma tena. Akageuka akaingia ndani, akarudi na lile jalada la zahanati, lililokuwa limeanza kuchakaa kona kwa kukaa kwenye droo yangu. Aliliweka juu ya meza yangu, mbele ya watu wote, akafungua mpaka kwenye dokezo langu la kwanza, lenye neno lake pembeni. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka:

"Tumezungumza. Jalada lifungwe."

Kisha akaniachia kalamu, nami nikatia sahihi yangu pembeni ya yake. Safari hii haikupinda.